Shingo ya Kifuko

Songo, Uvira, tarehe 7 Aprili 2002

Ildephonse, mdogo wangu,

Nimefika. Ndege ilitua Bujumbura salama, masista wakanipumzisha kwao, na kesho yake Libérat akanipokea pale mpakani Kavimvira, bado amevaa shati lake la kazi la douane, la ushuru wa forodha. Mume wangu alilia mbele ya wasafiri na wavunja pesa wote, na mkubwa wake akamwacha alie. Barua hii ataivusha yeye, kwa mkono wa Apollinarie anayekwenda Bujumbura kununua vitenge; huko itatiwa posta. Zako nazo zipitie njia hiyo.

Unajua nilivyoanguka mwezi wa kwanza mbele ya watoto wa mwaka wa nne, chaki mkononi, kama mtu amenipiga shoka kisogoni. Wengi hapa walikuwa wamekwisha kunizika kwa maneno. Kwa hiyo Jumapili ya Pasaka padri alinipa nafasi baada ya komunyo. Nikawaeleza kwamba mshipa ulivimba ndani ya kichwa changu ukafanya kifuko, kifuko kikapasuka, na madaktari wa Johannesburg wakapitisha mrija mwembamba kutoka pajani mpaka kichwani, wakakijaza nyuzi za platini zinazojikunja, bila kupasua fuvu. Nikasema, "Nimepona kabisa. Na mumoja wa wale madaktari ni mutoto wa hapa Songo, mulimuona akikimbia bila viatu." Kanisa likalipuka kwa makofi. Baba akasimama. Unayajua magoti yake, lakini alisimama.

Maagizo ya Daktari Mostert uliyonitafsiria nayafuata. Shingo naitunza kama yai. Nimeifunga kitambaa, sibebi ndoo wala kuni kichwani, na nikiitwa nageuka mwili mzima kama askari kwenye gwaride. Majirani wanacheka. Miezi sita si mingi, nitavumilia.

Ile bahasha waliyonipa siku ya kutoka hospitali, yenye karatasi tatu za Kiingereza, niipeleke wapi? Daktari aliyebaki hapa anasoma Kifaransa tu.

Dada yako anayekushukuru,
Bernardine


Johannesburg, 5 Mei 2002

Yaya Bernardine,

Nimefurahi, dada yangu mkubwa, kusikia umefika na unaendelea vizuri. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo nyingi.

Nakuomba usinitaje sana huko kanisani. Kazi ya hospitali ni ya watu wengi, na mimi ni mmoja tu kati yao.

Ya shingo endelea nayo mpaka mwezi wa nane. Bahasha iweke kwenye sanduku, hayo ni mambo ya ofisi. Yaliyo muhimu nilikuambia kwa mdomo wangu.

Msalimie Baba na shemeji Libérat. Tunasikia kwamba watu wa milimani na wenye mji wanapigana tena. Jihadharini.

Mdogo wako,
Ildephonse


Songo, Uvira, 21 Julai 2002

Mdogo wangu,

Barua yako ilikuwa fupi kama ya mtu anayekimbilia gari. Najua una wagonjwa.

Nakuandikia kwa ajili ya mtu anaitwa Nkeshimana, mkulima wa Nyakabere. Alikuja kwa miguu kutoka bondeni akiwa amembeba binti yake mgongoni, mtoto wa miaka sita. Akasimama mlangoni: "Miye niko natafuta dada ya daktari." Alikuwa na picha ya kifua cha yule mtoto, ameikunja ndani ya mkeka ili isipate vumbi. Akaifungua, akaiweka kwenye dirisha langu penye mwanga, akanitazama. Mimi nifahamu nini? Nimeandika nyuma ya barua hii yote aliyonieleza: kikohozi, damu kidogo, homa ya jioni. Wewe soma, unijibu, naye atarudi.

Si yeye peke yake. Tangu Pasaka wamekuja kumi na wawili. Baba amebandika ukutani ile picha yako ya nguo za kijani za hospitali, na wageni anawaonyesha kabla hawajapewa kiti.

Shuleni si pazuri. Wenye bunduki walilala darasani kwangu majuma mawili, wakachoma madawati manne kupikia maharagwe. Watoto sasa wanaandikia mapajani. Lakini nafundisha, na kichwa hakiniumi. Kila asubuhi nalitaja jina lako mbele ya Mungu.

Bernardine


Johannesburg, 15 Septemba 2002

Yaya,

Nisamehe kwa kuchelewa.

Yule mtoto wa Nyakabere apelekwe Bujumbura haraka, kwa watu wa kifua. Asinisubiri mimi.

Halafu nilikuwa nafikiri. Ungeweza kuja tena huku kidogo? Kubadilisha hewa. Na kwa kuwa ungekuwa huku, Daktari Mostert angekutazama, kwa kawaida tu, maana wanapenda kuwaona watu wao. Si kwamba kuna jambo. Masista waliokulipia safari ya kwanza wanaweza kuombwa tena. Ukiweza mwezi huu ni vizuri. Ukiweza kabla ya mwezi kwisha ni vizuri zaidi.

Nijibu upesi.

Ildephonse


Songo, Uvira, 8 Oktoba 2002

Ildephonse,

Kubadilisha hewa! Nimemsomea Libérat, akasema, "Ndugu yako amekuwa muzungu." Watu wanatoka hapa wakikimbia bunduki, hakuna anayepanda ndege kwa ajili ya hewa. Shule imefunguliwa, nina watoto sabini na mmoja. Na nitawaombaje masista tikiti ya pili, mimi niliyesema mbele ya kanisa kwamba nimepona kabisa? Nikiondoka tena watasema nilidanganya, au kazi yenu ilikuwa mbovu. Hapana. Nitakuja siku ya harusi yako.

Miezi sita ilipokwisha nilikifungua kitambaa cha shingo nikakichoma jikoni. Kesho yake nilikwenda mtoni Kalimabenge, nikarudi na ndoo kichwani. Laiti ungeniona!

Kuna jambo dogo, usimwambie mtu. Kope la jicho la kushoto limekuwa zito, linashuka lenyewe kama la mwenye usingizi. Watoto wanadhani nawakonyeza, wanacheka. Na nikisoma muda mrefu, mistari inapandana, ninaona miwili mahali pa mmoja. Nadhani ni uchovu, maana milio milimani haitupi usingizi. Kuna dawa ya matone unayoijua?

Bernardine


Johannesburg, 10 Novemba 2002

Yaya Bernardine,

Barua yako imenifikia juzi. Nilipofika pale penye kope niliiacha mezani nikakimbia hospitali kwa miguu, nikamtafuta Daktari Mostert mpaka nikampata kwenye ngazi. Nilipomweleza aliuliza, "Jicho la upande uleule?" Nikasema ndiyo. Akasema uletwe sasa, si mwezi ujao.

Kifuko kimefunguka tena, Yaya. Kinakua, na kinaukandamiza mshipa wa fahamu unaoinua kope. Ndiyo maana linashuka. Si uchovu, na hakuna matone. Kikipasuka mara ya pili, wengi hawaamki.

Sasa nakuandikia ambalo nilipaswa kukuambia tangu mwanzo. Nimeanza barua hii mara tano.

Mimi si daktari. Sijasomea udaktari hata siku moja. Mimi nasukuma vitanda vya magurudumu. Nawapeleka wagonjwa chumba cha picha, chumba cha upasuaji, na wakifa nawapeleka chini kwenye baridi. Nguo zile za kijani hata sisi tunavaa. Mwaka wa tisini na saba niliandika nyumbani kwamba nimepata kazi ya hospitali. Baba akajibu, "Mwanangu daktari." Sikumrekebisha. Nilifikiri nitamrekebisha barua itakayofuata. Ulipoletwa hapa niliomba likizo siku zote ulizokuwa macho, ili usinione na kitanda.

Siku Daktari Mostert alipokuja kukuaga, wewe ulinitaka mimi nitafsiri. Kulikuwa na Honorine, msichana wa Bukavu anayesomea uuguzi, anayekijua Kiingereza na Kiswahili vizuri. Alijitolea. Nikamwambia hapana, huyu ni dada yangu. Kiingereza changu ni cha barabarani, cha kuuliza kitanda nambari gani. Daktari alisema maneno mengi. Mimi nilishika mawili tu: shingo, na miezi sita. Aliniuliza, "Umeelewa?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Wewe ulikuwa umelala pale unanitazama kwa macho yale uliyokuwa ukiniangalia nayo nikileta alama nzuri kutoka shule, na wauguzi watatu wamesimama. Nikasema ndiyo. Kisha nikakugeukia nikakutungia: tunza shingo yako miezi sita, usibebe mzigo kichwani.

Yaya, haikuwa shingo yako. Kifuko nacho kina shingo, pale kinapoungana na mshipa, kama kibuyu. Wazungu wanatumia neno lilelile. Daktari alikuwa anasema hivi: shingo ya kifuko ni pana, imebaki nafasi kidogo ambayo nyuzi hazikuijaza, lazima urudi baada ya miezi sita tupige picha tena, tuone kama imefunguka. Ndiyo yaliyoandikwa kwenye ile bahasha niliyokuambia uiweke sandukuni.

Bado sijamaliza. Haya sikuyajua mpaka tarehe ishirini mwezi wa nane. Siku hiyo muuguzi wa mapokezi alinisimamisha kwenye korido: "Dada yako yuko wapi? Tulimngoja jana." Nikamuuliza Honorine, naye akanieleza kila kitu. Kuanzia siku hiyo nilijua. Na nilikaa siku ishirini na sita bila kuandika, kwa sababu kila nilipojaribu ilibidi nieleze kwa nini sikuelewa, na nikieleza hilo mtajua mimi ni nani. Mwishoni nikakuandikia habari za hewa. Kukosea kutafsiri naweza kujisamehe siku moja. Zile siku ishirini na sita sijui.

Njoo. Nimewaandikia masista mwenyewe, nimewaambia kosa ni langu. Kama hutaki kuniona, nitakaa mbali, Honorine atakuwa nawe. Lakini njoo.

Ildephonse


Kavimvira, 27 Novemba 2002

Ildephonse,

Anayeandika ni Libérat. Dada yako haandiki tena. Mistari inapandana mno.

Hukujua yaliyotupata, maana barua hazikutoka. Siku tano baada ya barua yake ya mwisho wapiganaji walishuka milimani wakauchukua mji. Tulivuka mpaka na godoro moja, tukalala Gatumba, uani kwa watu tusiowajua. Baada ya juma wale wenye mji wa kwanza waliurudisha kwa risasi, nasi tukarudi. Nyumba ipo. Mlango haupo.

Kufika Sikukuu ya Watakatifu Wote jicho lilikuwa limefungwa kabisa. Mtu akimuuliza, anasema ni moshi wa Gatumba. Kilemba alikuwa anakishusha upande mmoja. Nikamwambia twende kwa daktari, akakataa. Siku moja nikamkalisha: "Mama, unaficha nini?" Akasema, "Nilisimama mbele ya watu wote nikasema nimepona. Nikisema sasa hapana, nani atamwamini Mungu? Nani atamwamini Ildephonse?" Ni jina lako alilokuwa analilinda, shemeji. Nataka ulijue hilo.

Barua yako niliisoma mimi kwa sauti, yeye ameketi kitandani. Nilipofika kwenye shingo alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena." Akashika shingo yake kwa mikono miwili. Akaanza kucheka, Ildephonse. Alicheka mpaka nikaogopa kifuko kitapasuka mbele yangu. "Miezi sita," akasema, "miezi sita niko nageuka kama askari!" Siku ya tatu aliomba bahasha.

Mkubwa wa masista kule Bujumbura anasoma Kiingereza. Nilimpelekea. Ukurasa wa pili, tarehe kumi na tisa mwezi wa nane, imepigiwa mstari mara mbili. Sista alivua miwani akaniuliza, "Na hii ilikuwa wapi wakati wote huo?" Nilisema ilikuwa sandukuni, chini ya nguo za Pasaka. Nilitamani sakafu inimeze, na si mimi niliyekosa.

Ungekuwa mbele yangu ningekupiga. Wewe ni mdogo wa mke wangu, nimekula na wewe, lakini ningekupiga.

Tunaondoka Jumanne. Sista amepata tikiti mbili. Mimi nitafika mpaka Nairobi tu, laissez-passer yangu, karatasi ya kusafiria, haivuki hapo, na kazini wamenipa siku nne. Kutoka Nairobi atasafiri na sista mmoja anayekuja huko. Mpokee. Anasema anataka akuone ukiwa kazini, na nguo zako za kazi. Hayo ni maneno yake, sikuongeza.

Libérat


Johannesburg, 18 Desemba 2002

Shemeji Libérat,

Yu hai. Nakuandikia hilo kwanza ili usome mengine umekaa.

Alifika Alhamisi, tarehe tano. Nilimngoja mlangoni mwa hospitali na nguo zangu za kijani, kitanda mbele yangu. Sista alimshika mkono mpaka akafika karibu. Alinitazama kwa jicho moja, kutoka viatu mpaka kichwa. "Ni weye utanisukuma?" Nikasema, "Ni mimi." Akapanda kitandani mwenyewe, akalala. Nikamsukuma kwenye korido zote hizo. Wenzangu wa kazi walikuwa wananisalimia kwa jina wanaloniita kazini, "Alfonsi, vipi," na yeye anasikia.

Walimpiga picha, kisha Daktari Mostert akatuita. Safari hii alitafsiri Honorine. Mimi nilisimama ukutani.

Yaya mwenyewe ndiye aliyeuliza: kwa nini ile kazi ilishindwa? Daktari hakukasirika. Alichukua kalamu akachora kifuko. Alisema zile nyuzi, hata zikijazwa sana, ni kama theluthi moja tu ya nafasi, au pungufu. Sehemu inayobaki ni damu iliyoganda katikati yake. Shingo ikiwa nyembamba, ukuta mpya unaota juu yake na mlango unafungwa. Shingo ikiwa pana kama yake, damu inapiga pale kila mapigo ya moyo, mchana na usiku, inazisukuma nyuzi ndani, zinashonana kama majani ndani ya godoro la zamani. Zikishonana zinaacha nafasi mlangoni. Damu inaingia tena, na kifuko kinaanza kukua. Alisema kati ya watu kumi, wawili hivi inawatokea, hata mkono wa daktari ukiwa mzuri, hata mgonjwa akitii kila kitu.

Yaya akauliza, "Si ile ndoo niliyobeba?" Daktari akasema ndoo haihusiki hata kidogo.

Mimi nikafungua mdomo pale ukutani, kwa Kiingereza changu kibovu. Nikamuuliza kama ni mimi. Akanijibu. Honorine alinitafsiria neno kwa neno, kwa kuwa nilimwomba asiniachie kitu: "Kufunguka kwa kifuko si kosa lako. Kingefunguka hata kama ungekuwa profesa. Lakini angerudi mwezi wa nane, tungeongeza nyuzi chache kupitia paja, na angekwenda nyumbani baada ya siku tatu. Sasa shingo imepanuka mno. Lazima tufungue fuvu." Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Mimi pia nilikuuliza mara mbili nikaridhika na ndiyo. Nilijua hukuelewa. Nilikuwa na wagonjwa wengine wanangoja." Alisema hivyo huku anaitazama ile karatasi aliyochora.

Nilimsukuma mwenyewe asubuhi ya Jumatatu iliyofuata. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji sisi wasukuma vitanda tunaachia. Pale aliushika mkono wangu. Nilidhani ataniambia amenisamehe. Alisema, "Usikae hapa ukilia. Kafanye kazi, watu wanakungoja."

Walibana shingo ya kifuko kwa kibanio cha chuma kidogo kuliko ukucha. Ilichukua saa saba, maana nyuzi za zamani zilikuwa zinazuia kibanio kufunga. Mshipa mwingine, unaolisha sehemu ya ubongo ya kusema, uliteseka katikati ya kazi hiyo. Jicho wanasema linaweza kurudi kiasi, polepole. Maneno ndiyo shida. Anaelewa kila kitu, lakini akitaka kusema, neno halitoki. Jana alinionyesha glasi, midomo ikatetemeka, hakuipata. Akageukia ukutani. Yeye, Libérat, mwalimu wa Kiswahili.

Siombi msamaha kwako. Nakuarifu tu, na safari hii sijaacha kitu.

Ildephonse


Songo, Uvira, 16 Machi 2003

Ildephonse,

Naandika mwenyewe. Nimeanza Jumatatu, leo Jumapili. Neno likinikimbia nangoja. Likikataa kabisa namuuliza Libérat. Jicho linafunguka nusu. Kitabu nasoma nikiwa nimelifunika.

Shule wamenipa watoto wadogo, mwaka wa kwanza. Nafundisha herufi. Juzi nilichora mto ubaoni na sikuweza kusema mto. Watoto wakasema wote, "Mto, mwalimu!" Nikawashukuru. Nilipofika nyumbani nililia.

Nilimwomba padri nisimame tena. Alisema si lazima. Nikasimama. Nilisema: kile nilichowaambia Pasaka hakikuwa hivyo. Kazi ya kwanza ilifunguka. Niliona dalili nikaficha, kwa aibu ya kuwa nilikwisha kushangiliwa. Mtu akipewa karatasi asiyoijua aitafutie msomaji. Nilichukua muda mrefu, maneno yalikwama, na watu walikuwa wanatazama chini. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini baada ya misa mama mmoja wa Kavimvira alinivuta pembeni, akanionyesha karatasi yake ya hospitali, imekunjwa mpaka inachanika. Tukaitafutia msomaji.

Wewe sikukutaja. Libérat alitaka, nikakataa. Si kwa kukulinda. Nimekwisha kukulinda sana, na angalia tulikofika. Jina lako ni lako, na uwongo wako ni wako. Baba bado anawaonyesha watu ile picha. Jana aliniuliza mbona daktari wake haandiki. Neno lilikuwepo mdomoni, safari hii lilikuwepo, nikalimeza.

Siku ya kuniaga uliniuliza kama nimekusamehe. Siku nyingine ndiyo. Nikikosa neno mbele ya watoto, hapana. Sitakudanganya.

Mwandikie Baba.

Bernardine


Johannesburg, 2 Aprili 2003

Baba,

Najua barua hii utasomewa. Naomba asomewe kila atakayekuwa nyumbani Jumapili hiyo, wageni nao, na msomaji asipunguze sauti.

Mimi si daktari. Sikuwahi kuwa. Ulipoandika "mwanangu daktari", miaka sita iliyopita, niliona jinsi aliyekuandikia alivyolibonyeza neno hilo kwa kalamu, nikashindwa kukunyang'anya. Nilikuacha ulibebe mbele za watu, na watu wakaja na wagonjwa wao. Mtoto wa Nyakabere nilimwambia aende Bujumbura kwa sababu sikujua lolote, na sijui mpaka leo kama alifika.

Bernardine alizungumza na daktari kupitia kinywa changu. Sikuelewa, na nikasema nimeelewa. Nilipojua, nilinyamaza siku ishirini na sita. Maneno anayoyatafuta sasa mbele ya watoto, sehemu yake ni mimi niliyempotezea. Yeye hakuwaambia kwa sababu ilikuwa zamu yangu.

Kazi yangu ni kusukuma vitanda vya wagonjwa. Kuna magurudumu manne, moja hukwama, na inabidi kujua kuinua kidogo kwenye vizingiti ili mgonjwa asitikisike. Hilo nalijua vizuri. Naanza saa kumi na mbili asubuhi. Wagonjwa wengine huogopa, na mimi ndiye mtu wa mwisho wanayemwona kabla ya mlango, kwa hiyo nawauliza jina lao na wanatoka wapi. Wakiniuliza jambo la ugonjwa, nawaambia sijui, nawaitia anayejua.

Ni kazi hiyo, Baba. Nilipaswa kukuandikia tangu siku ya kwanza.

Mwanao,
Ildephonse